Superkondakta: Kondakta Asiyekula Chenji Yako

Wasee, leo niko na deni la kulipa.

Mwisho wa Julai 2023 niliposti video ya dakika moja na nusu nikiwaambia stima inakaribia kuwa bure. Na sikuwa natania. Niliweka muziki wa kutisha, nikaweka ile klipu ya kijiwe cheusi kimesimama kwa ubavu juu ya sumaku, nikasema kwa sauti ya mtu anayejua: "Dunia imebadilika jana usiku, na wewe ulikuwa umelala." Sijawahi kutengeneza kitu kilichoangaliwa na watu wengi hivyo. Ilinilipia kodi ya nyumba mwezi mzima.

Mathe aliiona kwa simu ya jirani, akanipigia. Swali lake lilikuwa moja tu: hicho kijiwe kitapunguza bei ya tokeni? Nikamwambia angoje tu, miaka miwili hivi. Miaka miwili imepita. Mathe bado ananunua tokeni za mia mbili mbili, na bado zinaisha Alhamisi.

Lakini si mathe aliyenifanya niandike hii. Ni kijana mmoja wa Kidato cha Nne aliyeniandikia inboksi wiki hiyohiyo. "Bro, nilikuwa nataka kusomea uhandisi wa umeme. Kama hii kitu ni ya ukweli, kuna haja kweli?" Nilisoma, nikamwekea ile alama ya moto, nikaendelea na maisha yangu. Kumbuka mimi ni mtu aliyeacha kozi hiyohiyo ya umeme mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Mtu ananiuliza kama kitu nilichokililia kinafaa kusomewa, na mimi namjibu kwa kichoro.

Kwa hivyo msimamo wangu leo ni huu. Superkondakta ni kitu cha ukweli kabisa, na kiko kazini hata hapa Nairobi unaposoma hii. Uongo ni ile tarehe tunayowauzia sisi watu wa kontenti. Na tarehe ikipita bila kitu, watu hutupa tarehe pamoja na sayansi yenyewe. Hapo ndipo hasara ilipo.

Wacha nieleze vile ningefaa kueleza ile siku.

Umepanda mat, umetoa mia mbili, nauli ni mia. Kondakta anakurudishia themanini, anaangalia dirishani. Waya wa kawaida una tabia hiyohiyo. Unaingiza umeme huku, kule mwisho unatoka umepungua. Elektroni zinapopita ndani ya shaba zinagongana na atomu zinazotikisika na uchafu uliomo njiani, na kila kugongana kunageuza nguvu kidogo kuwa joto. Gusa eksitensheni ukiwa unapiga pasi nguo. Hilo joto ni chenji yako imeliwa.

Superkondakta ni kondakta anayekurudishia chenji yote, mpaka shilingi ya mwisho. Ukiipoza chini ya kiwango fulani cha baridi, ukinzani wake unafika sifuri. Sikusema unapungua. Unafika sifuri kamili. Ukianzisha mkondo wa umeme ndani ya pete ya superkondakta kisha utoe chanzo cha umeme, mkondo unaendelea kuzunguka wenyewe, mwaka baada ya mwaka.

Inawezekanaje? Fikiria godoro la zamani la sponji, mko wawili. Mmoja akilala katikati panabonyea, na mwenzake anajikuta ameteremkia hapohapo bila kupenda. Elektroni ikipita kati ya atomu inazivuta kidogo, panabonyea, na elektroni nyingine inafuata lile bonde. Zinakuwa jozi. Kisha jozi zote zinakuwa kitu kimoja, kama umati mzima ulioshikana mikono: huwezi kumwangusha mmoja bila kuwaangusha wote, na kwenye baridi kali hakuna kigongo chenye nguvu ya kuwaangusha wote. Maelezo haya yalitolewa mwaka 1957 na Wamarekani watatu, Bardeen, Cooper na Schrieffer, na yakawapa Nobeli mwaka 1972.

Kuna tabia ya pili, na hii ndiyo ilinipita kwenye video yangu. Superkondakta hufukuza uga wa sumaku kutoka ndani yake. Meissner na Ochsenfeld waliligundua hilo huko Ujerumani mwaka 1933. Kwa hivyo kitu hakiitwi superkondakta kwa sababu tu kimeinuka juu ya sumaku. Lazima kipite mitihani miwili: ukinzani sifuri, na sumaku kufukuzwa.

Sasa shida ilikuwa baridi. Kitu hiki kiligunduliwa mwaka 1911 Leiden, Uholanzi, wakati Kamerlingh Onnes alipopoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri. Baridi ya hivyo unaipata kwa heliamu iliyogeuzwa kuwa maji, na hiyo ni gesi ghali, ngumu kushika, inayotoroka ukiiangalia vibaya. Miaka 75 ikapita, watu wakijaribu metali moja baada ya nyingine, wakisonga mbele kwa hatua za kobe.

Halafu mwaka 1986, watu wawili wa maabara ya IBM karibu na Zürich, Bednorz na Müller, wakajaribu kitu ambacho mtu wa kawaida angewacheka. Waliacha metali wakaenda kwa kauri. Ndiyo, jamaa wa ukoo mmoja na vigae na sahani, vitu tulivyozoea kuvitumia kuzuia umeme. Kauri yao yenye shaba na oksijeni ilianza kupitisha umeme bila ukinzani kwa takriban nyuzi 238 chini ya sifuri. Rekodi mpya. Mwaka uliofuata tu wakapewa Nobeli.

Mapema 1987, vikundi vya Paul Chu na Maw-Kuen Wu kule Marekani wakachanganya itriamu, bariamu, shaba na oksijeni, wakafika karibu nyuzi 180 chini ya sifuri. Machi mwaka huo wanafizikia walijazana katika hoteli moja New York kusikiliza matokeo, mpaka saa tisa usiku na zaidi. Fizikia! Watu wamesimama kwenye korido kama ni shoo ya bure.

Najua unajiuliza: nyuzi 180 chini ya sifuri ndiyo mnaita "joto la juu"? Hata mimi nilicheka darasani. Lakini sikiliza, kwa sababu hapa ndipo pazuri.

Kwa guka, huko Kinangop, ng'ombe akiwa tayari huwa anaitwa daktari wa mifugo aje kumpandisha. Anakuja na pikipiki, mtungi wa fedha umefungwa nyuma. Akiufungua, moshi mweupe unamwagika chini kama uchawi, anachomoa kijirija chembamba chenye mbegu za fahali. Ule moshi unatoka kwa naitrojeni ya majimaji. Ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri.

Umeona? Kauri ya 1987 inafanya kazi ndani ya mtungi wa daktari wa ng'ombe. Maana ya "joto la juu" ni baridi ambayo pikipiki inaweza kubeba kwenye barabara ya matope. Kutoka heliamu hadi naitrojeni ni kama kutoka ndege ya kukodi hadi boda. Na naitrojeni haiishi, maana hewa unayovuta sasa hivi ni naitrojeni kwa asilimia 78.

Mimi nilimaliza shule ya upili na mwaka mmoja na nusu wa chuo bila mtu kuniunganishia hizo nukta mbili. Utotoni niliuona mtungi wa guka mara kumi. Chuoni nilikariri namba 196 nikaandika kwa mtihani. Sikujua ni kitu kimoja.

Sasa swali la haki: kama tuko na kauri tangu 1987, mbona stima bado inapotea?

Sababu ya kwanza, kauri ni kauri. Jaribu kukunja sahani iwe waya. Ilichukua miaka mingi kupata njia ya kuipaka kama ngozi nyembamba kuliko unywele juu ya utepe wa chuma, na ule utepe bado ni ghali. Ya pili, superkondakta iko na mipaka mitatu: joto likizidi inaacha, uga wa sumaku ukizidi inaacha, mkondo ukizidi inaacha. Ya tatu, kupoza nako kunakula umeme, na kwa stima ya kawaida inayokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hata superkondakta hupoteza kidogo. Na ya nne, hii inaniuma kwa uzuri: mpaka leo wanafizikia hawajakubaliana ni nini hasa kinachozifunga zile jozi ndani ya kauri. Hadithi ya godoro haitoshi huko. Karibu miaka 40, na swali bado liko wazi. Rekodi ya superkondakta katika mgandamizo wa kawaida wa hewa, iliyowekwa 1993, ilikuwa kama nyuzi 140 chini ya sifuri. Zile zinazokaribia joto la nje, kama ile ya lanthanamu na haidrojeni iliyofika nyuzi 23 chini ya sifuri, zinahitaji kubanwa kwa mgandamizo wa zaidi ya mara milioni moja ule wa hewa tunayopumua. Huwezi kuitandika hiyo kutoka Olkaria.

Lakini hiyo haimaanishi hakuna kitu. Mji wa Essen, Ujerumani, uliweka kebo ya superkondakta ya kilomita moja mwaka 2014, katikati ya mji, ikipozwa kwa naitrojeni. Shanghai iliwasha yake ya zaidi ya kilomita moja mwaka 2021. Hizo kebo si za kupeleka stima kutoka Turkana. Ni za mahali ambapo mji umejaa, hakuna nafasi ya kuchimba, na kebo moja nyembamba inafanya kazi ya kebo kadhaa. Mwaka huohuo wa 2021, MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walitengeneza sumaku kubwa kwa ule utepe wa kauri, ikafika tesla 20. Wanaitaka kwa mitambo ya kuunganisha viini vya atomu, ile nguvu inayowasha jua. Japani nayo ina treni inayoelea kwa sumaku za superkondakta, hizi za aina ya zamani za heliamu. Mwaka 2015 ilifika kilomita 603 kwa saa.

Na Nairobi? Ukienda hospitali ukalazwa ndani ya ile bomba ya MRI inayopiga kelele kama fundi wa mabati, umelala katikati ya superkondakta. Waya wake ni wa niobiamu na titani, umezamishwa kwa baridi ya heliamu, na mkondo unazunguka humo wenyewe. Nyingi ni za tesla 1.5, makumi ya maelfu ya mara kuzidi usumaku wa dunia. Mtu wako ameshawahi kusaidiwa na superkondakta na hakujua jina lake.

Sasa turudi nyumbani zaidi. Niobiamu hiyo, mlima wa Mrima kule Kwale unayo, pamoja na madini adimu. Mlima huohuo ni msitu wa kaya, na mzozo wa leseni yake ulifika hadi baraza la kimataifa la usuluhishi. Heliamu nayo, mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza kwamba iko ardhini kwenye bonde la Rukwa, Tanzania. Sisemi tuchimbe kesho. Watu wa Kwale wana sauti yao, na msitu wao ni wao. Ninachosema ni kwamba hayo maamuzi yatafanywa, na yatafanywa na mtu anayejua niobiamu inatumika wapi. Kama huyo mtu si wewe, atakuwa mwingine, na utasoma kwa habari.

Kuna jambo lingine ambalo video yangu ilidanganya. Niliposema stima itakuwa bure, nilifanya kama shida yetu yote ni ukinzani wa waya. Gridi yetu hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaonunua. Sehemu ni fizikia, ndiyo. Lakini sehemu nyingine ni waya umepitishwa usiku juu ya bati, ni mita imechezewa. Superkondakta haijui kushika mwizi. Haijui kubadilisha transfoma iliyolipuka. Mtu akikuahidi kwamba kijiwe kitatatua shida ya siasa na usimamizi, mwangalie mfuko wake. Nilikuwa huyo mtu, kwa hivyo najua.

Mambo yalinivunjikia hivi. Kile kijiwe kiliitwa LK-99, mchanganyiko wa risasi, shaba, fosforasi na oksijeni, kilichotangazwa na watafiti wa Korea Kusini tarehe 22 Julai. Ndani ya wiki chache maabara za China, India, Marekani na Ulaya zilikuwa zimepika zao. Ikagundulika kwamba ule mshuko wa ukinzani ulitoka kwa uchafu wa salfaidi ya shaba, ambayo hubadilika umbo karibu nyuzi 104. Kule kusimama kwa ubavu kulikuwa usumaku wa kawaida. Watu wa Max Planck huko Stuttgart walipotengeneza fuwele safi, ilitoka ya zambarau, unaona hadi ng'ambo, na haikupitisha umeme. Kihami! Kufikia katikati ya Agosti mambo yalikuwa yameisha.

Tarehe 25 Agosti, usiku wa Ijumaa, stima ikapotea karibu nchi nzima. Hata uwanja wa ndege wa JKIA ulikaa gizani. Mimi nilikuwa kitandani na asilimia 11 ya chaji, nikisoma komenti za video yangu. "Umeme wa bure uko wapi bro?" Moja baada ya nyingine. Nilizima simu. Niliambia watu ni kuokoa chaji.

Kuna wenzangu wa kontenti watasema: lakini bila kelele hakuna mtu angesikia neno superkondakta. Nakubali nusu. Watu waliolijua hilo neno kupitia kwangu wapo, na baadhi waliendelea kusoma. Lakini wengi walibaki na somo moja, kwamba sayansi ni kama zile odi za uhakika, leo imeingia, kesho imechanika. Ilhali zile wiki tatu zilikuwa sayansi ikifanya kazi vizuri kabisa. Mtu alidai, wengine wakapika, wakapima, wakakataa, wakaeleza kwa nini. Hiyo ndiyo ilikuwa stori. Mimi nilirekodi mlango ukifunguliwa nikaondoka kabla ya watu kuingia.

Na si mimi tu. Hata jarida la Nature lilichapisha madai makubwa ya superkondakta mwaka 2020 na 2023, na mara zote mbili likalazimika kuyaondoa. Tofauti ni kwamba wao waliondoa hadharani, wakaandika sababu.

Kwa hivyo ukiona video nyingine ya kijiwe, na itakuja tu, uliza maswali matatu kabla hujaisambaza. Ukinzani umepimwa ukafika sifuri, au umeshuka tu? Wameonyesha sumaku ikifukuzwa, au kitu kimeinuka tu? Na maabara nyingine, isiyokula nao sahani moja, imerudia ikapata vilevile? Majibu yakikosa hata moja, weka simu chini. Hiyo haimaanishi ni uongo. Ni kwamba bado haijaiva, na hatupakui chakula kibichi.

Na wewe ulioko shule ukikaribia kuchagua masomo, ukiwa unataka kuitupa fizikia kwa sababu kila mtu anaitupa: fikiria mara mbili. Swali la zile jozi bado halina jibu. Anayelijibu anaweza kuwa hajazaliwa, au anaweza kuwa anasoma hii akiwa kwa mat.

Yule kijana nilimjibu mwezi uliopita. Nilirudi nyuma kwa inboksi mpaka nikampata, ile alama ya moto bado imekaa hapo. Nikamwandikia kila kitu, aya nne. Nikamwambia kulikuwa na haja, tena kubwa, na kwamba kadiri superkondakta zinavyokuja ndivyo watu wa umeme watahitajika zaidi. Alijibu baada ya siku mbili. Anasomea biashara, yuko mwaka wa kwanza. Akasema, "Ni sawa bro, si wewe tu, pia alama hazikuwa poa. Lakini asante kwa kurudi."

Sijui ni kiasi gani ni mimi na kiasi gani ni alama. Ile video sijaifuta. Nimebandika marekebisho juu kabisa, kwa jina langu, mtu akiingia anaanza na hapo.

Sasa nataka tufanye ya ukweli. Kile kidude cha kauri ya itriamu kinauzwa mtandaoni, kidogo kama kifuniko cha soda, na nimeagiza kimoja. Sumaku niko nayo. Ninachokosa ni naitrojeni na mtu anayejua kuishika bila kuniunguza vidole. Kama uko na mjomba daktari wa mifugo mwenye mtungi, Kiambu, Nyandarua, popote, niandikie inboksi.

Safari hii nitajibu.